Robert Koch na Papasi wa Njia ya Morogoro



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya masahaba, maimamu na maulamaa. Safari hii tumeona tumzungumzie mtu ambaye hakuwa Mwislamu, wala hakuja nchini kwetu kama mgeni wa heri tu. Alikuja akiwa mtumishi wa dola ya Kijerumani iliyokuwa ikitutawala. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita alipita katika njia yetu hii hii, chini ya milima ya Uluguru, akitafuta wadudu katika vumbi la mabanda ya wasafiri. Pili, kila mwaka wanafunzi wetu wa Kidato cha Kwanza hutuletea daftari lenye hatua za uchunguzi wa kisayansi, wamezikariri kama shairi, na ukiwauliza zinamsaidia nani hawana jibu. Maisha ya huyu bwana ni jibu. Alipozifuata hatua zile aliokoa roho nyingi. Alipoziruka, watu walipofuka macho.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843, sawa na mwaka 1259 Hijria, katika mji wa Clausthal ulioko kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi na mwenye watoto wengi. Inasimuliwa kuwa akiwa na umri wa miaka mitano tu aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaambia kuwa amejifunza kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na baada ya kuhangaika huku na huko alipata kazi ya udaktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo ndani ya Poland. Hapo alikaa kuanzia 1872 hadi 1880.

Tunataka muione hali yake vizuri. Hakuwa na maabara. Hakuwa na chuo kikuu karibu wala mwenzake wa kushauriana naye. Alikuwa na chumba cha kupokelea wagonjwa alichokigawa kwa pazia. Upande mmoja wagonjwa, upande wa pili hadubini ambayo mkewe Emmy alimzawadia. Mchana alitibu watu, na muda uliobaki alijifungia nyuma ya pazia.

Katika wilaya ile ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta. Wafugaji wetu wanaujua ugonjwa huu, na ndiyo maana bwana mifugo hukataza kabisa mzoga wake kupasuliwa. Wakati ule wataalamu kadhaa walikuwa wameshaona kwa hadubini kuwa damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta ina vijiti vidogo vidogo. Ugomvi ulikuwa juu ya maana ya vijiti hivyo. Wengine walisema ndivyo vinavyoua. Wengine wakasema hapana, hivyo ni uchafu unaotokea baada ya mnyama kuugua, kama vile funza wanavyotokea katika nyama iliyooza. Funza hawakumuua yule mbuzi, wamekuja baadaye.

Hapa ndipo penye kitovu cha jambo lote. Vitu viwili kuonekana pamoja si dalili kwamba kimoja kimesababisha kingine. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini ukimchinja jogoo kesho jua litachomoza vile vile. Koch alilifahamu hilo, naye hakupoteza muda kubishana. Alichukua vibanzi vya mti, akavichoma moto kuua chochote kilichokuwemo, akavichovya katika damu ya bandama la mnyama aliyekufa kwa kimeta, akawachanja nayo panya. Panya wakafa. Hilo peke yake halikutosha, kwa kuwa mtu angeweza kusema kuwa panya amekufa kwa kidonda, au kwamba damu yoyote ya mnyama mwingine ni sumu kwake. Kwa hiyo akachukua panya wengine, akawachanja kwa namna ile ile, isipokuwa damu hii ilitoka kwa mnyama mzima asiye na ugonjwa. Hawa hawakupata kimeta.

Panya hawa wa pili ndio wanaoitwa kundi la kulinganisha. Wanafunzi wengi huwaona kama nyongeza tu, lakini bila wao panya wa kwanza hawatuambii kitu. Katika jaribio jema makundi mawili hufanana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja tu, lile unalotaka kulijua. Likitokea tofauti mwishoni, unajua imetoka wapi.

Tusidhani kwamba jambo hili lilianzia Ulaya. Tabibu wetu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyefariki Rayy yapata mwaka 313 Hijria (925 Miladia), ameandika kuwa alipokuwa akitibu ugonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo aliwapiga chuku baadhi ya wagonjwa, na wengine akawaacha makusudi bila kuwatoa damu, ili apate kulinganisha. Naye Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeishi Cairo na kuandika Kitabu al-Manadhir, alikataa kukubali maneno ya Wayunani kuhusu namna jicho linavyoona mpaka alipoyapima kwa taa na chumba cha giza. Koch alikuja karibu miaka elfu moja baadaye.

Turudi Wollstein. Mbishi alikuwa bado na hoja moja. Je, kama kinachoua si vijiti bali ni kitu kingine kilichomo ndani ya ile damu? Koch akachukua majimaji ya ndani ya jicho la ng'ombe, akaweka humo chembe ndogo ya damu yenye vijiti, akaviangalia vikiota na kurefuka. Kisha akachukua tone dogo la hayo akaliweka katika majimaji mapya, na kutoka hapo tone jingine katika mapya tena, mara kadhaa, hadi ile damu ya mwanzo ikawa kama haipo kabisa na vilivyobaki ni vijiti peke yake. Alipowachanja panya kwa tone la mwisho, wakafa kwa kimeta kama wa kwanza. Aliona vile vile kuwa vijiti hivyo hutengeneza mbegu ngumu zinazokaa ardhini miaka mingi, na hivyo ikajulikana kwa nini malisho fulani yalikuwa yakiua mifugo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1876 alifunga mizigo yake akaenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, akayarudia majaribio yote mbele ya wataalamu, siku baada ya siku, ili waone kwa macho yao.

Baadaye mpango huu ulikuja kuitwa masharti ya Koch: kimelea kionekane kwa mgonjwa, kitolewe kwake na kuoteshwa peke yake, kikiingizwa kwa mnyama mzima kimletee ugonjwa ule ule, kisha kipatikane tena kwa mnyama huyo. Kwa njia hii, tarehe 24 Machi 1882 mjini Berlin, aliutangazia ulimwengu kuwa amekipata kimelea cha kifua kikuu, ugonjwa ambao watu wengi walidhani ni wa kurithi. Mwaka 1883 akaenda Iskandaria, Misri, na kutoka huko Calcutta, India, akakipata kimelea cha kipindupindu katika maji machafu na katika matumbo ya wagonjwa.

Hapa kuna kisa kidogo. Mtaalamu mmoja wa Munich, Max von Pettenkofer, hakukubaliana na Koch kuhusu kipindupindu. Mwaka 1892 akanywa vimelea vyenyewe mbele ya watu. Akaharisha kidogo, hakufa, akaona ameshinda. Lakini mtu mmoja kunywa na kupona kunathibitisha nini? Babu aliyevuta sigara hadi miaka tisini yumo katika kila ukoo. Mtu mmoja si jaribio.

Sasa tujisemee wenyewe. Miaka michache nyuma, hapa madrasani, tulibishana kama kuhifadhi Qur'an baada ya Alfajiri kunakaa moyoni zaidi kuliko kuhifadhi baada ya Isha. Tukaamua kupima. Wanafunzi waliopenda kuja Alfajiri wakaja Alfajiri, waliopenda Isha wakaja Isha, na baada ya muda tukawasikiliza. Kundi la Alfajiri lilikuwa mbali mbele, nasi tukatangaza kwa furaha mbele ya wazazi. Mzazi mmoja, fundi cherehani ambaye hakupita sekondari, akatuuliza swali moja tu: hao wanaoamka wenyewe kabla ya adhana, si ndio waliokuwa na bidii tangu zamani? Tukanyamaza. Makundi yetu hayakuwa sawa tangu mwanzo. Tulikuwa tumepima bidii ya watoto tukadhani tumepima saa.

Mwanzoni mwa mwaka 1905 Koch alifika Dar es Salaam. Haikuwa mara yake ya kwanza, kwani alikuwa amewahi kuja miaka ya 1897 na 1898 kuchunguza malaria na tauni. Safari hii moja ya kazi zake ilikuwa homa moja ya ajabu. Humshika mtu kwa ukali siku chache, ikamwachia kabisa hata akadhani amepona, kisha ikarudi, ikamwachia tena, ikarudi tena. Wasafiri na wapagazi wa njia za misafara walikuwa wakiugua sana. Katika damu yao kilionekana kijidudu chembamba kilichojisokota kama uzi.

Wenyeji wa sehemu nyingi za Afrika walikuwa na jibu lao tangu zamani: homa hiyo huletwa na papasi. Walio wadogo huenda hawamjui papasi kwa kuwa nyumba za saruji zimempunguza. Ni kupe mwenye ngozi laini, rangi ya udongo, anayekaa katika vumbi kavu na nyufa za nyumba za udongo. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiozidi nusu saa, kisha hurudi mafichoni. Asubuhi mtu haoni kitu. Maneno ya wenyeji yalikuwa ya kweli, lakini kwa mchunguzi yalikuwa bado ni dhana. Dhana si tusi. Ni kauli inayongoja kupimwa, iwe imetoka kwa profesa au kwa bibi kizee wa Mgeta.

Reli ya kati ilikuwa bado haijafika Morogoro, ilifika mwaka 1907. Koch akasafiri na wapagazi kwa njia ya misafara inayotoka pwani kupitia Morogoro kwenda bara hadi Iringa. Kila msafara ulipolala palikuwa na mabanda, na watu walilala humo humo usiku baada ya usiku. Alifukua vumbi la sakafu kavu chini ya mabanda hayo akakusanya papasi, akawapasua na kuwatazama kwa hadubini. Baadhi yao walikuwa na kile kijidudu.

Mngedhani kazi imekwisha. Hapana, kwa sababu papasi aliyenyonya damu ya mgonjwa lazima awe na vijidudu tumboni, kama vile mwizi wa maziwa atakavyokuwa na maziwa mdomoni. Hiyo haioneshi kuwa anaweza kuviambukiza. Koch akafuatilia siku kwa siku. Akaona vijidudu vinatoweka tumboni baada ya siku chache, lakini vinaonekana kwenye ovari, na kutoka hapo ndani ya mayai. Basi akayaacha mayai yaanguliwe. Papasi hao wachanga walikuwa hawajawahi kumng'ata mtu yeyote wala kuliona banda la msafara. Akawaweka juu ya nyani, wakanyonya, nyani wakaugua, na katika damu yao kikaonekana kijidudu kile kile.

Tazameni jinsi mlango wa kila ubishi ulivyofungwa. Huwezi kusema nyani ameugua kwa hewa mbaya ya njiani, wala kwa damu iliyobaki mdomoni mwa papasi kutoka kwa mgonjwa wa jana, kwa sababu papasi huyu hakuwa na jana. Na maana yake kwa watu ilikuwa kubwa. Banda lililohamwa miezi mingi linaweza bado kuwa na hatari, kwani mama humrithisha mtoto. Ushauri ukawa rahisi: msafiri asilale katika mabanda makuukuu, apige hema lake mbali nayo.

Koch hakuwa peke yake. Mwaka 1904 Ross na Milne walikuwa wameshamtuhumu papasi huko Uganda. Huko Kongo ya Mashariki, Dutton na Todd kutoka Liverpool walikuwa wakifanya majaribio yao wenyewe juu ya papasi na nyani, wakapata matokeo yanayofanana. Wote wawili waliambukizwa, na Joseph Dutton alifariki Kasongo mwezi Februari 1905, akiwa bado kijana. Kijidudu chenyewe leo kinaitwa kwa jina lake. Watu wasiofanya kazi pamoja wakipima jambo moja mahali mbalimbali na kupata jibu moja, jibu hilo lina uzito.

Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1905 vita vya Maji Maji vilianza. Mwezi Desemba Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Tungependa kuishia hapa, lakini haitakuwa haki.

Miaka kumi na mitano kabla, mwaka 1890, Koch alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberculin. Alisema imezuia ugonjwa kwa simbilisi, wanyama wadogo mfano wa sungura wanaotumika maabara. Alijidunga hata yeye mwenyewe, akashikwa na homa kali. Lakini aliificha namna ilivyotengenezwa, hivyo hakuna aliyeweza kurudia kazi yake. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe. Haikupita miezi, Profesa Rudolf Virchow akaonesha kutokana na maiti alizozipasua kuwa dawa ile haikuponya, na kwa wengine ilieneza ugonjwa mwilini. Ni Koch yule yule aliyeyarudia yote mbele ya Cohn akiwa daktari asiyejulikana. Alipokuwa maarufu aliona neno lake linatosha. Dawa hiyo ilibaki na faida nyingine, ya kupimia nani ameambukizwa.

Kisha likaja la Ssese. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua Uganda watu zaidi ya laki mbili kwa makadirio ya wakati ule. Kati ya 1906 na 1907 Koch aliweka kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Nyanza, wagonjwa wakamjia kwa mamia. Aliwadunga dawa iitwayo atoxyl, yenye sumu ya arseniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana muujiza: vimelea vilitoweka katika damu, wagonjwa wakapata nguvu. Lakini kutoweka kwa wiki chache si kupona. Vimelea vilirudi. Naye, badala ya kusimama, akaongeza dozi. Watu wasiopungua ishirini wakapofuka, na nuru yao haikurudi. Pamoja na hayo alipendekeza kuwa walioambukizwa wakusanywe katika kambi maalumu, jambo lililofanywa baadaye katika makoloni ya Kijerumani.

Hapa hatuwezi kumtetea. Panya wa Wollstein walipewa utaratibu makini kuliko watu wa Ssese. Tunaamini pia kuwa lau wagonjwa wale wangekuwa Wajerumani wa Berlin, dozi isingepandishwa hivyo. Walikuwa watu wa koloni, mbali na macho ya wakubwa. Siku hizi utafiti wowote kwa binadamu nchini kwetu hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili na bila mgonjwa kuelezwa na kuridhia. Baba au mama akiletewa fomu hospitalini aisome, na asipoelewa aulize. Ni haki yake.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910, sawa na mwaka 1328 Hijria, katika mji wa Baden-Baden.

Kimelea alichokitangaza mwaka 1882 bado kinatafutwa hapa hapa mjini kwetu. Kuanzia mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, mradi wa APOPO umewafundisha panya buku kunusa makohozi na kuonesha yenye kifua kikuu. Panya hupita juu ya sampuli, anaposimama na kukwaruza inaandikwa. Katika safu ile huwekwa pia sampuli ambazo jibu lake limeshajulikana, na panya hupewa ndizi kwa hizo tu, ili asizoee kukwaruza ovyo. Sampuli nyingine aliyoionesha hairudishwi kwa mgonjwa kama jibu. Hupelekwa maabara ikathibitishwe kwa hadubini.

Nasi tumeanza upya. Mwaka huu majina ya wanafunzi wote wa hifdhi yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa katika kofia, na mtoto mdogo wa darasa la awali akayatoa moja moja: hili Alfajiri, hili Isha. Mwalimu atakayewasikiliza mwishoni haambiwi nani yuko wapi. Matokeo tutayaandika katika toleo lijalo inshaallah, hata kama yatatuumbua.